Mwanga Unaobadili Masafa Yake: Hamoniki za Juu Ndani ya Fuwele

Ukiulizwa kwenye mtihani ni kitu gani kisichobadilika mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, unajibu bila kusita: masafa. Kasi inapungua, urefu wa wimbi unapungua, mwelekeo unapinda, lakini masafa yanabaki yale yale. Mwanga mwekundu ukiingia kwenye mche wa kioo, unatoka mwekundu. Jibu hilo ni sahihi, lina alama zake, na usilibadilishe baada ya kusoma kurasa hizi.

Hata hivyo sheria hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe hauelezwi katika vitabu vingi vya kidato cha nne. Mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, fuwele inaweza kupokea mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ikatoa mwanga wenye masafa mara tatu, mara tano, mara tisa, hata mara ishirini na tano ya yale yaliyoingia. Hakuna aliyeipaka fuwele rangi wala kuificha taa ndani yake. Elektroni za fuwele yenyewe ndizo zinazofanya kazi hiyo.

Huenda usiulizwe swali lenye jina la mada hii. Lakini ndani yake zimo mada tatu ambazo lazima utaulizwa: mawimbi, spektra ya sumakuumeme, na semikondakta. Watahiniwa wengi huzikariri kila moja peke yake kama watu wasiojuana. Hapa utaziona zikifanya kazi pamoja, na utapata nafasi ya kuhesabu kwa fomula unazozijua tayari.

Hamoniki inatoka wapi?

Katika mada ya sauti ulijifunza kwamba uzi wa gitaa wenye masafa ya msingi f unaweza pia kutetemeka kwa masafa 2f, 3f, 4f na kuendelea. Hizo ndizo hamoniki. Kwenye uzi, hamoniki zinapatikana kwa sababu ncha mbili zimefungwa, kwa hiyo ni mawimbi ya urefu fulani tu yanayotosha katikati. Shika jambo hilo vizuri, kwa sababu hamoniki za mwanga ndani ya fuwele hazitokani na ncha zilizofungwa. Jina ni moja, chanzo ni kingine.

Chanzo chenyewe umekwisha kukisikia kwa masikio yako. Fikiria spika ya matangazo iliyofungwa juu ya gari. Sauti ikiwa ya wastani, utando wa spika unaenda mbele na nyuma ukifuata umeme unaoingia: umeme ukiongezeka mara mbili, utando unasogea mara mbili. Mtangazaji akifungua sauti mpaka mwisho, utando unafika mahali hauwezi kusogea zaidi. Vilele vya wimbi vinakatwa, vinakuwa bapa, na sauti inaanza kukwaruza. Mkwaruzo huo ni masafa mapya ambayo hayakuwemo kwenye sauti ya mtangazaji: mara mbili, mara tatu, mara tano ya masafa ya mwanzo. Wimbi lolote linalojirudia lakini lenye umbo lililoharibika ni jumla ya wimbi la msingi na hamoniki zake.

Umeona jambo la namna hii pia kwenye sheria ya Hooke. Springi inarefuka kwa uwiano sawa na nguvu mpaka kwenye kikomo cha unyumbukaji. Baada ya hapo grafu inapinda. Elektroni ndani ya kioo au fuwele nazo zimefungwa kama kwa springi. Mwanga ni wimbi la sumakuumeme, na uga wake wa umeme unazivuta elektroni huku na huku. Mwanga wa jua, wa taa, hata wa leza ndogo ya mwalimu ya kuonyeshea ubaoni ni dhaifu kiasi kwamba elektroni hazitoki kwenye sehemu iliyonyooka ya grafu. Zinatetemeka kwa masafa yale yale ya mwanga, na chaji inayotetemeka hutoa mwanga wa masafa hayo hayo. Hiyo ndiyo sababu halisi ya kanuni uliyoikariri kwamba masafa hayabadiliki.

Sasa ongeza ukali mpaka grafu ianze kupinda. Mwendo wa elektroni utakuwa na sehemu inayofuata uga E, na sehemu nyingine ndogo inayofuata E². Chora wimbi la sine kwenye karatasi ya grafu, kisha uzidishe kila thamani kwa yenyewe. Mabonde yaliyokuwa hasi yanageuka kuwa chanya. Mahali palipokuwa na kilele kimoja katika kipindi kimoja, sasa pana vilele viwili. Masafa yameongezeka maradufu, na wewe hukutumia chochote zaidi ya kuzidisha. Ifanye kazi hii kwa mkono kabla ya kuendelea. Inachukua dakika tano na itakusaidia kuliko kusoma aya hii mara tatu.

Doa lililofutwa

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, akitumia fuwele ya yakuti. Mwaka uliofuata, 1961, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwanga mwekundu wa leza kama hiyo, wenye urefu wa wimbi nanomita 694, ndani ya kipande cha kwatzi. Upande wa pili walipiga picha ya spektra. Palikuwa na doa kubwa jeupe la mwanga wa leza wenyewe, na pembeni doa dogo hafifu kwenye nanomita 347. Gawanya 694 kwa 2 uone. Ilikuwa hamoniki ya pili.

Doa hilo lilikuwa dogo mno hivi kwamba picha ilipochapishwa kwenye jarida halikuonekana. Walioitayarisha picha walidhani ni uchafu wakalifuta. Makala yenye ugunduzi mkubwa ikatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu. Mwanafunzi wa maabara ajifunze hapo: nukta isiyokaa kwenye grafu yako isifutwe kabla ya kuulizwa ilikotoka.

Kwa hesabu ya E², E³, E⁴, kila hamoniki ya juu zaidi inatarajiwa kuwa hafifu sana kuliko iliyotangulia. Ya pili ni hafifu, ya tatu hafifu zaidi, ya kumi usingeitafuta kabisa. Kwa miaka mingi hilo lilionekana kuwa ndilo jibu la mwisho.

Kisha mambo yakageuka kwenye gesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chicago, na kundi la Saclay nchini Ufaransa alimokuwemo Anne L'Huillier, waliielekeza leza kali kwenye gesi adimu kama neoni na argoni. Hamoniki za mwanzo zilishuka kama ilivyotarajiwa, lakini zilizofuata hazikushuka. Zilibaki na nguvu inayokaribiana, moja baada ya nyingine, mpaka mahali fulani zikakatika ghafla. Ukiichora grafu yake unapata mteremko mkali, kisha uwanda mrefu wa juu, kisha genge. Hesabu ya E² na E³ haiwezi kueleza uwanda. Kwa argoni, kundi la Saclay liliziona hadi hamoniki ya 33.

Maelezo yaliyokubalika, ambayo Paul Corkum aliyaandika mwaka 1993, yana hatua tatu. Uga wa leza unaing'oa elektroni kutoka kwenye atomu, unaikimbiza mbali, kisha uga unapogeuka, unairudisha elektroni kwa kasi mpaka inaigonga atomu yake. Nishati iliyoikusanya njiani inatoka kama fotoni moja yenye masafa makubwa. Kutokana na njia hii wanasayansi walipata mipigo ya mwanga mifupi kuliko yote, ya atosekunde, na Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2023. Atosekunde moja ni sekunde 10⁻¹⁸.

Je, kwenye kitu kigumu?

Gesi ina atomu zilizo mbalimbali, kila moja peke yake. Ndani ya fuwele atomu zimebanana na zimepangwa kwa mistari. Elektroni ikikimbizwa haitaenda mbali kabla ya kuzikuta atomu nyingine. Isitoshe, leza kali inayong'oa elektroni kwenye argoni ingeitoboa fuwele. Kwa hiyo swali lilikuwa la kweli: kuna namna ya kuivuta elektroni kwa nguvu nyingi ndani ya fuwele bila kuiharibu fuwele yenyewe?

Jibu lilichapishwa mwaka 2011 na Shambhu Ghimire, David Reis na wenzao, kwa majaribio yaliyoshirikisha maabara ya Louis DiMauro na Pierre Agostini (huyu huyu wa Nobel) wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Fuwele waliyoichagua unaijua kutoka darasa la kemia: oksidi ya zinki, ile inayokuwa ya njano ikiwa ya moto na nyeupe ikipoa. Ni dawa ya kupaka kwenye ngozi na ni kiungo cha matairi. Wao hawakutumia unga. Walitumia fuwele moja safi, inayopitisha mwanga, yenye unene wa nusu milimita.

Ujanja ulikuwa kuchagua leza yenye urefu mkubwa wa wimbi, mikromita 3.25, ambao ni infraredi. Tafuta nishati ya fotoni moja kwa fomula unayoijua:

E = hc/λ = (6.63 × 10⁻³⁴ × 3 × 10⁸) ÷ (3.25 × 10⁻⁶) = 6.12 × 10⁻²⁰ J

Gawanya kwa 1.6 × 10⁻¹⁹ upate elektronivolti: takriban 0.38 eV.

Sasa rudi kwenye mada ya semikondakta. Ulifundishwa kwamba elektroni za kitu kigumu zinakaa kwenye bendi za nishati. Bendi ya valensi imejaa. Bendi ya upitishaji iko juu yake na ni tupu. Katikati pana pengo ambamo elektroni haiwezi kukaa. Kwa oksidi ya zinki pengo hilo ni karibu 3.3 eV. Fotoni ya 0.38 eV haitoshi hata kidogo kuirusha elektroni ng'ambo. Fotoni nane zikiungana zinatoa 3.04 eV, bado hazifiki, zinahitajika tisa. Kwa hiyo mwanga huu kwa kawaida unapita kwenye fuwele bila kufyonzwa, na fuwele haichemki. Hapo ndipo usalama wake ulipo.

Usalama wa pili ni muda. Mwanga haukuwa ukiwaka mfululizo. Ulikuja kwa mipigo ya takriban femtosekunde 100, yaani sekunde 10⁻¹³. Ukali kwenye kilele cha mpigo ulifikia kiasi cha wati 5 × 10¹⁶ kwa kila mita ya mraba. Tarakimu hiyo inatisha, basi tuipime. Chukua, kwa mfano, doa la mwanga lenye eneo la 10⁻⁸ m². Uwezo ni 5 × 10¹⁶ × 10⁻⁸ = wati 5 × 10⁸, yaani megawati 500. Mtambo mmoja kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya mitambo miwili ikifanya kazi pamoja. Lakini nishati ni uwezo mara muda: 5 × 10⁸ × 10⁻¹³ = jouli 5 × 10⁻⁵. Hiyo ni kazi ya kuinua gramu moja kwa milimita tano. Mtahiniwa anayechanganya uwezo na nishati asome tena aya hii.

Uga wa umeme wa mwanga wenye ukali huo ni karibu volti 6 × 10⁹ kwa mita. Hewa kavu inapasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita, kwa hiyo tunazungumzia uga mkubwa mara 2000 kuliko huo. Njia nzuri zaidi ya kuuelewa ni kuuliza: kutoka mwanzo hadi mwisho wa chumba kimoja cha fuwele, yaani sehemu ndogo kabisa inayojirudia, kuna tofauti ya volti ngapi? Chumba cha oksidi ya zinki kina urefu wa nanomita 0.52 upande mmoja. Zidisha: 6 × 10⁹ × 0.52 × 10⁻⁹ = volti 3.1. Ni kama kuziweka betri mbili za tochi katika kila chumba cha fuwele. Na 3.1 eV ni karibu sawa na pengo lenyewe la nishati. Uga wa leza umefikia ukubwa unaoshindana na nguvu zinazoishikilia fuwele, na hapo picha ya springi inayorefuka kidogo haifai tena.

Walichokiona ni hamoniki hadi ya 25, zenye uwanda wa juu kama kwenye gesi. Fotoni ya mwisho ilikuwa na nishati ya 25 × 0.38 = 9.5 eV, karibu mara tatu ya pengo la fuwele.

Elektroni inafanya nini humo ndani?

Hapa ndipo penye utamu, na pia penye ubishi.

Kwanza, uga mkali unaipitisha elektroni kutoka bendi ya valensi hadi bendi ya upitishaji. Haiirushi juu ya pengo. Inapenya, kwa tabia ya kimawimbi ya elektroni. Nyuma inabaki nafasi wazi, lile tundu ulilolisoma kwenye semikondakta ya aina ya p, lenye tabia ya chaji chanya. Elektroni na tundu sasa zote zinaweza kusogea, kila moja upande wake.

Kisha uga unaisukuma elektroni. Ingekuwa kwenye ombwe, ingezidi kuongeza kasi muda wote inaposukumwa. Ndani ya fuwele haiwi hivyo. Elektroni ina urefu wa wimbi, na kadiri momenta yake inavyokua, urefu huo unapungua. Ukifika mara mbili ya nafasi kati ya safu za atomu, mawimbi madogo yanayoakisiwa na kila safu yanaungana kilele kwa kilele. Unajua jina lake: mwingiliano wa kujengana. Elektroni inarudishwa nyuma na fuwele nzima, ingawa uga bado unaisukuma mbele.

Je, inaufikia mpaka huo haraka? Tumia sheria ya pili ya Newton, ile ya msukumo: Ft = badiliko la momenta. Nguvu ni eE = 1.6 × 10⁻¹⁹ × 6 × 10⁹ = 9.6 × 10⁻¹⁰ N. Momenta inayohitajika ni h/2a, ambapo a ni nanomita 0.52, inakuja takriban 6.4 × 10⁻²⁵ kg m/s. Gawanya: t ni kama sekunde 6.6 × 10⁻¹⁶, yaani femtosekunde 0.66. Kipindi cha wimbi la leza ni λ/c = 3.25 × 10⁻⁶ ÷ 3 × 10⁸, karibu femtosekunde 10.8, na nusu yake ni 5.4. Hata ukisema uga ndani ya fuwele ni nusu ya ule wa nje, elektroni ina muda wa kwenda, kurudishwa, na kwenda tena mara kadhaa kabla uga haujageuka. Wimbi la leza limepanda na kushuka mara moja, mkondo wa elektroni umepanda na kushuka mara nyingi. Na kama antena ya redio, mkondo unaobadilika hutoa mawimbi yenye masafa ya mabadiliko yake. Hiyo ni njia ya kwanza ya kupata hamoniki.

Njia ya pili inafanana na ya gesi. Uga ukigeuka, elektroni na tundu zinakutana tena. Elektroni inarudi kwenye bendi ya valensi na tofauti ya nishati inatoka kama fotoni. Kwa kuwa wakati huo elektroni imepanda ndani ya bendi yake na tundu limeshuka ndani ya yake, tofauti hiyo ni kubwa kuliko 3.3 eV.

Ni njia ipi yenye nguvu zaidi? Kundi la 2011 liliipa uzito ya kwanza. Mwaka 2015 kundi la Corkum nchini Kanada lilionyesha kwa vipimo kwamba katika oksidi ya zinki, hamoniki zilizo juu ya pengo zinafuata njia ya pili. Mwaka huo huo wengine, wakitumia oksidi ya silikoni, walizitafsiri hamoniki zao kwa njia ya kwanza. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kumtangaza mshindi: zote mbili zinatokea kwa wakati mmoja, na aina ya fuwele pamoja na urefu wa wimbi wa leza ndivyo vinavyoamua ipi itasikika zaidi.

Jambo moja linatenganisha gesi na fuwele waziwazi. Kwenye gesi, nishati inayokusanywa na elektroni inakua kwa mraba wa uga: uga mara mbili, nishati hiyo mara nne. Kwenye oksidi ya zinki, nishati ya hamoniki ya mwisho ilikua kwa uwiano sawa na uga wenyewe: grafu yake ni mstari ulionyooka. Mwaka 2016 jaribio likaenda mbali zaidi. Argoni na kriptoni zilipozwa mpaka zikaganda kuwa vitu vigumu, kisha zikalinganishwa na gesi ya atomu zile zile. Kwenye hali ngumu ulionekana uwanda wa pili juu ya ule wa kwanza, na hamoniki zilivuka kikomo cha atomu iliyo peke yake. Mwandishi wa kwanza wa makala hiyo ni Georges Ndabashimiye, jina ambalo msomaji wa nchi za Maziwa Makuu hatapata shida kulitamka.

Kwa nini mara nyingi ni namba witiri tu?

Mwanafunzi makini ataona kwamba nilitaja mara tatu, mara tano, mara tisa. Fikiria fuwele ambayo kushoto na kulia kwake ni sawa. Uga ukielekea kulia elektroni zinafanya jambo fulani. Nusu kipindi baadaye uga unaelekea kushoto, na elektroni zinafanya jambo lile lile kwa upande wa pili. Mwendo wote unajirudia kila nusu kipindi kwa alama iliyogeuzwa. Sasa angalia wimbi la 2f: baada ya nusu kipindi cha leza limekamilisha mzunguko mzima na liko pale pale, halijageuza alama. Halilingani na sharti, kwa hiyo haliwezi kuwemo. Wimbi la 3f limekamilisha mzunguko mmoja na nusu, limegeuza alama, linaruhusiwa. Jaribu 4f na 5f mwenyewe.

Kwatzi na oksidi ya zinki hazina usawa huo. Upande mmoja wa mpangilio wa atomu haufanani na wa pili. Ndiyo maana Franken aliipata hamoniki ya pili, na ndiyo maana oksidi ya zinki ikigeuzwa kwenye pembe fulani inatoa namba shufwa pia. Kwa hiyo kwa kuzihesabu hamoniki tu unaweza kusema kitu kuhusu mpangilio wa atomu ambao hujawahi kuuona. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba fuwele ya oksidi ya magnesiamu ikizungushwa mbele ya leza, nguvu ya hamoniki inapanda na kushuka kulingana na pande ambazo atomu jirani zimekaa. Ni kama kupapasa kitu gizani, ila mkono ni elektroni.

Mazoezi yenye majibu

1. Leza ya mikromita 3.25 imeelekezwa kwenye oksidi ya zinki. Ni hamoniki zipi zinazoweza kuonekana kwa macho, ikiwa macho huona kuanzia nanomita 400 hadi 700?

Urefu wa wimbi wa hamoniki ya n ni 3250 ÷ n. Ya 4 ni nanomita 813, bado infraredi. Ya 5 ni 650, nyekundu. Ya 6 ni 542, kijani. Ya 7 ni 464, buluu. Ya 8 ni 406, urujuani. Ya 9 ni 361, imeshaingia urujuanimno. Jibu: ya 5 hadi ya 8, na zile za 6 na 8 zitokee tu kama fuwele imegeuzwa kuruhusu namba shufwa.

2. Kwa nini hamoniki ya 9 na zinazofuata hutoka hasa kwenye tabaka jembamba la mwisho la fuwele, na si katika unene wote wa nusu milimita?

Fotoni ya hamoniki ya 9 ina nishati ya karibu 3.4 eV, iliyo kubwa kuliko pengo la 3.3 eV. Fuwele yenyewe inaifyonza. Zinazozaliwa mwanzoni au katikati zinamezwa njiani. Zinazotoka nje ni zile zilizozaliwa karibu na uso wa kutokea.

3. Tafuta urefu wa wimbi wa hamoniki ya 25, na ueleze kwa nini kipimo chake hufanywa ndani ya ombwe.

3250 ÷ 25 = nanomita 130. Ni urujuanimno wa mbali, na oksijeni ya hewani huufyonza mwanga wa urefu huo. Kifaa cha kupimia kikiachwa kwenye hewa ya kawaida, mwanga hautakifikia.